Kusikiliza tenzi, riwaya na historia: mwongozo kwa mwenye kazi mikononi

Mimi ni mshonaji wa kofia za vito, zile zenye vitundu vidogo vinavyoshonwa kwa sindano. Kofia moja nzuri hunila wiki nyingi, na wiki zote hizo macho yako kwenye tundu, mikono iko kwenye sindano. Masikio peke yake ndiyo hayana kazi. Zamani niliyaachia redio. Siku hizi nayapa vitabu.

Nilianza vibaya. Nilipakua kitabu cha historia cha saa 14, nikakifungulia kwenye programu ya muziki, nikaendelea kushona. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kuwa simu inazichanganya sura kama inavyochanganya nyimbo: mfalme kafa asubuhi, mchana anatawazwa, jioni anazaliwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikushtuka. Nilidhani ndivyo mwandishi alivyopanga. Maana yake sikuwa nikisikiliza, nilikuwa nimewasha sauti tu. Tangu hapo nina utaratibu wangu, na ndio huu.

1. Itazame kazi kabla ya kutafuta kitabu

Watu huniuliza waanze na kitabu gani. Mimi huwauliza watakuwa wakifanya nini. Kukuna nazi, kuosha vyombo, kupiga pasi, kupalilia, kutembea kwenda sokoni: hizo ni kazi za riwaya. Mikono inajua njia yake, na hadithi nayo ina kamba ya kukuvuta. Ukipotea dakika mbili utaikamata tena.

Historia inataka kazi ya kimya na isiyo na hesabu. Ninapopanga nafasi za vito lazima nihesabu nyuzi, na hesabu mbili hazikai kichwa kimoja. Nikifika hapo nasimamisha simu. Nikishamaliza kupanga, nikabaki na kushona tu, narudi kwa masultani wangu.

Ushairi hautaki kazi yoyote. Kaa chini. Nitaeleza sababu mbele.

Barabarani toa hedfoni, au angalau ya sikio moja. Bodaboda haipigi honi mara mbili.

2. Tafuta sauti: ya mtu kwanza, ya mashine baadaye

Kama unasoma Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, mlango mpana wa bure ni LibriVox, mradi ulioanzishwa mwaka 2005 na Hugh McGuire wa Kanada. Wasomaji wake ni watu wa kujitolea wanaorekodi majumbani mwao. Wanasoma vitabu ambavyo haki za mwandishi zimekwisha, na rekodi zenyewe nazo hazina haki za mtu: unaruhusiwa kupakua, kunakili, kumgawia jirani. Hii ndiyo sababu karibu kila utakachokikuta huko ni cha kale. Wanafuata sheria ya Marekani, ambako kitabu cha zamani husubiri miaka 95 tangu kichapishwe. Kwa kuwa wasomaji ni wa kila aina, onja dakika tano kabla ya kupakua. Wapo wanaosoma kama waigizaji, na wapo wanaosoma kama wanaita mahudhurio darasani. Usijilazimishe. Kitabu kizuri kwenye sauti inayokukera hukimalizi.

Kwa Kiswahili mambo yametawanyika. Kuna michezo ya redio. Deutsche Welle, kwa mfano, ilianza mwaka 2008 mfululizo wa Noa Bongo, Jenga Maisha Yako, uliotengenezwa hasa kwa ajili ya masikio. Kuna watu wanaoghani tenzi wakaziweka mtandaoni. Na kuna wanaosoma riwaya nzima za waandishi walio hai bila kuwauliza. Hapo mimi huwa napita bila kufungua. Tanzania na Kenya sheria inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache mno hata tumwibie masikioni. Kwa wasioona kuna mlango wao: Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya imo, unaruhusu kuwatengenezea nakala za sauti bila kusubiri ruhusa ya mwenye haki.

Isipopatikana sauti ya mtu, kuna mashine. Kivinjari cha Microsoft Edge kina sauti nne za Kiswahili: Rehema na Daudi wenye lafudhi ya Tanzania, Zuri na Rafiki wa Kenya. Kwenye kompyuta fungua ukurasa wenye maandishi, bonyeza Ctrl, Shift na U kwa pamoja, kisha kwenye chaguo za sauti mchague mmoja wao. Faili la PDF nalo husomeka humo humo, ila si kama kurasa zake ni picha zilizopigwa. Inahitaji intaneti muda wote inaposoma.

Rehema ni msomaji mzuri wa gazeti. Kiswahili kinamsaidia, kwa sababu mkazo wetu karibu siku zote hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tatizo liko kwenye hiyo "karibu". Neno "barabara" likiwa ni njia, mkazo unakaa mahali pake pa kawaida. Likiwa na maana ya sawasawa, mkazo unasogea nyuma. Mtu anajua kwa maana ya sentensi, mashine inabahatisha. Kwenye utenzi ndiyo hapatamaniki: inaisoma mishororo kama orodha ya bei. Mpe Rehema makala na insha, ushairi mnyime.

3. Pakua na upange

Hesabu ya bando ni nyepesi. Rekodi ya ubora wa 64 kbps (kipimo cha data inayotumika kwa sekunde) hula kama MB 29 kwa saa. Ya 128 kbps hula maradufu, kama MB 58. Kitabu cha saa 10 kwa ubora wa chini ni MB 290 hivi. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma, 64 inatosha kabisa. Hiyo 128 mwachie mpenzi wa taarabu. Pakua kwenye Wi-Fi, au usiku kama bando lako la usiku ni rahisi. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni ikiwa una desturi ya kurudia, kwa sababu kila unaporudia unaweza kulipa tena.

Kila kitabu kipe folda yake. Sura ziandike 01, 02, 03 mpaka 10 na kuendelea. Ukiandika 1, 2, 3, simu nyingi zitaipeleka sura ya 10 mara baada ya ya kwanza, na utarudi kwenye balaa la mfalme wangu.

Halafu programu ya kuchezea. Achana na ya muziki. VLC ni ya bure na inakuruhusu kubadili mwendo. Kwenye Android iko nyingine iitwayo Voice, iliyotengenezwa kwa vitabu vya sauti tu. Unachotafuta ni mambo matatu: ikumbuke ulipoishia hata simu ikizimika, iwe na kitufe cha kurudi nyuma sekunde chache, na iwe na saa ya kujizima kwa wanaosikilizia kitandani. Ile ya kujizima iweke dakika 15. Ukiweka saa nzima, asubuhi hutajua usingizi ulikuchukua ukurasa gani.

4. Mwendo

Anza na mwendo wa kawaida kwa sura mbili nzima. Riwaya unaweza kuipandisha mpaka 1.2 sikio likishamzoea msomaji. Historia iache ilivyo. Mashine ishushe mpaka 0.9, inapata utu kidogo. Ushairi usiguswe.

5. Ushairi: sikiliza mara tatu

Tenzi za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lakini wengi waliozijua hawakuwahi kuziona. Mmoja alighani, barazani au ndani, wengine wakasikia. Kwa hiyo unapozisikiliza kwenye simu hujafanya la kisasa, umerudi zilikotoka.

Sikio linahitaji kujua linachokitafuta. Ubeti wa utenzi wa kawaida una vipande vinne, kila kimoja mizani 8, yaani silabi nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, nacho hubadilika kila ubeti. Cha nne kina kina chake, na hicho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho: ndiyo bahari. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, msinicheke:

Simu nimeifungua
Sauti nikachagua
Sindano nikachukua
Kofia sijamaliza

Sikio langu sikia
Mkono wangu tulia
Msomaji namwachia
Usiku kuupitiza

Hiyo "za" ndiyo mlingoti. Hata ukipotea katikati, ukiisikia unajua ubeti umefungwa.

Chukua beti 10 tu kwa kikao kimoja. Mara ya kwanza fumba macho, usitafute maana. Gonga kidole kila bahari inapofika. Vidole 10, beti 10. Ukipata 9, sikio lililala mahali. Mara ya pili weka maandishi mbele, ufuate kwa macho na kuyapigia mstari maneno usiyoyajua. Tafuta maana zake hapo, kabla ya kuendelea. Mara ya tatu fumba macho tena. Hiyo ya tatu ndiyo utakayoipenda. Mbili za kwanza ni kulima.

Kwa wa kuanzia ningependekeza utendi (ndivyo kaskazini wanavyouita utenzi) wa Mwana Kupona. Aliutunga mwaka 1858 kumwusia binti yake, na una beti mia na kidogo. Kwa mwendo wa kughani ni kama nusu saa, ukubwa unaofaa kwa mgeni. Usikubaliane naye kwa kila kitu, hasa anapoeleza mke aishi vipi na mumewe. Mimi na dada yangu tumeugombania sana. Lakini usia wa mama mgonjwa kwa mwanawe ukiusikia kwa sauti ya mwanamke ni jambo jingine kabisa kuliko kuusoma.

Ukishazoea mizani 8, nenda kwenye Inkishafi, utenzi mwingine wa kale. Hapo vidole vitakataa kwanza, kwa sababu kipande chake kina mizani 10, na kuna kituo kidogo baada ya ya sita. Huo mwendo wa kuchechemea ndio unaobeba huzuni ya majumba ya Pate, kisiwa jirani na Lamu, yaliyobaki matupu.

Kikwazo kingine ni lahaja. Nyingi ya tenzi hizi ni za Kiamu, Kiswahili cha Lamu, na ndugu zake wa kaskazini, na aliyezoea Kiswahili cha shule hudhani msomaji anakosea. Jiandae na mabadiliko machache tu: ch nyingi zinakuwa t, kwa hiyo macho ni mato, j inakuwa y, moja ni moya, nj inakuwa nd, njia ni ndia. Yaandike kwenye kikaratasi ukibandike ukutani. Baada ya beti 50 utakisahau kikaratasi.

Na mashairi ya mizani 16, yale ya vina vya kati na vya mwisho? Hayo ni rahisi zaidi kwa sikio, kwa sababu kila mshororo unakupigia kengele mara mbili. Sikiliza kina cha kati kwanza. Msomaji anayekipita mbio bila kupumua hajui anachokisoma, na una haki ya kumzima.

6. Historia: tundika vigingi kwanza

Miaka ndiyo ya kwanza kupotea ukisikiliza. Kwenye ukurasa jicho linarudi; kwenye sauti mwaka umeshapita. Kwa hiyo kabla ya kuanza kitabu, andika miaka sita au saba unayoijua uibandike mbele yako, kisha kila utakachosikia ukitundike karibu na kigingi kimojawapo. Kwa historia ya pwani yetu mimi natumia hivi: 1498 Vasco da Gama anafika Malindi; 1593 Wareno wanaanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa; 1698 Waomani wanaitwaa; 1840 Seyyid Said, sultani wa Oman, anahamishia makao Unguja; 1896 Waingereza wanalipiga mizinga jumba la Sultani; 1905 Maji Maji; 1964 mapinduzi. Msomaji akitaja mwaka 1856, Seyyid Said alipofariki, sihitaji kuandika. Najua uko kati ya kigingi cha nne na cha tano.

Maandishi ya Kiswahili ya kale yatakutajia miaka ya Hijria. Igeuze hivi: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah kuhusu Wajerumani kuitamalaki Mrima, pwani ya bara, umebeba mwaka 1307 ndani ya jina lake. Piga hesabu utapata mwishoni mwa 1889. Utendi wa Tambuka wa Pate una 1141. Hiyo ni 1728. Hesabu inaweza kupishana kidogo, lakini kwa sikio inatosha.

Ukisikiliza kwa Kiingereza, geuza saa pia. Mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896 ilianza saa tatu asubuhi ya kwetu, na haikutimiza saa moja. Nilipoigeuza hivyo ndipo nilipoiona: watu wametoka kunywa chai.

Kuna onyo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko yote haya. Vitabu vya bure kuhusu nchi zetu ni vya kale, na waandishi wake wengi ni wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19. Ukisoma dharau yao kwenye karatasi unaweza kukunja uso ukaendelea. Ikisomwa na sauti tamu, iliyotulia, ya mtu mwenye matamshi mazuri, inakuingia kabla hujaikunjia uso. Nimewahi kujikuta namwonea huruma msafiri anayelalamikia wapagazi wake, wakati wapagazi ndio waliobeba mizigo.

Dawa yake ni kusikiliza kwa jozi. Ukimsikiliza msafiri Henry Morton Stanley akisimulia safari yake ya mwaka 1876 kutoka mji wa Nyangwe kufuata mto Kongo, mtafute Tippu Tip, aliyemsindikiza sehemu ya njia ile. Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Si malaika naye, alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu. Ila wawili hao wakikaa kwenye meza moja, kila mmoja anamkatiza mwenzake, na wewe ndiye unayebaki na la kuamua. Kama maandishi ya Tippu Tip huyapati kwa sauti, mpe mtu nyumbani akusomee kurasa kumi.

Sura ikiisha, simamisha. Taja kwa mdomo wako mambo matatu: nani, wapi, kwa nini. Kama huwezi, rudia sura. Wangu hunisikia nikijisemea peke yangu barazani na wameshazoea.

7. Ikikosekana, rekodi mwenyewe

Hapa ndipo nilipofika mimi, na ndipo ningependa wengi wafike. Kuna wazee wanaojua tenzi kwa moyo ambazo hutazikuta mtandaoni hata ukitafuta mwaka mzima.

Omba ruhusa kwanza, tena kwa utaratibu. Bibi yangu nilimwamkia, nikakaa, tukazungumza ya nyumbani, ndipo nikamwambia, "Bi Mkubwa, nataka kukurekodi ule utendi wako, wajukuu waje wausikie." Akaniambia nije kesho, anatafuta miwani. Hahitaji miwani kughani; alihitaji usiku mmoja wa kuukumbuka. Mpe mtu wako usiku huo. Mweleze pia wazi ni nani watakaosikia: familia tu, au dunia nzima. Akikubali la kwanza, si kwamba amekubali na la pili.

Chumba chagua chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa; vitu laini vinameza mwangwi. Chumba kitupu cha sakafu ya saruji kinamfanya mtu asikike kama yuko kisimani. Zima feni. Weka simu kwenye hali ya ndege, isije ikaita katikati. Iegemeze juu ya kanga iliyokunjwa, urefu wa shibiri moja kutoka mdomoni na upande kidogo, ili pumzi za herufi p na b zisiipige uso kwa uso. Rekodi sekunde 10, sikiliza, rekebisha, kisha anza.

Mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa sauti jina la utenzi, jina la anayeghani, mahali na tarehe. Rekodi kwa vipande vya beti 20 au 30. Akikosea usimkatize, mwache arudie mwenyewe, utakata baadaye. Akisimama kueleza maana ya neno, usizime. Nilizima mara moja, na maelezo aliyoyatoa hapo sijayapata tena.

Faili lipe jina linaloeleweka, lenye mwaka mbele, na nakala ziwe mbili kwenye simu za watu wawili tofauti, pamoja na memori kadi. Yangu moja iko kwa kaka yangu aliye Muscat. Kwenye ubeti wa 31 jogoo anawika, naye kaniomba nisimkate.